Mama wa kambo mwenye sindano

Mtaani kwetu Kihonda, Morogoro, niliwahi kuwa na sifa mbili: kwamba ninamnyima chakula mtoto wa mwenzangu, na kwamba ninamchoma sindano asubuhi na jioni, hata hazijulikani za nini. Ukiangalia kwa mbali yote mawili yalikuwa kweli. Ugali nilikuwa namkatia kwa kipimo, na sindano nilikuwa namchoma. Mtoto huyo, ambaye hapa nitamwita Salma, ana kisukari aina ya kwanza, na mimi ni mama yake wa kambo.

Habari za ugonjwa wenyewe zinapatikana, ukienda kliniki unaelezwa na kijitabu unapewa. Ninachotaka kuandika ni yale yanayotokea nyumbani mkisharudi na hicho kijitabu. Nani anaamka saa nane usiku kupima. Nani anamgombeza nani namba ikitoka mbaya. Na mdogo wa mgonjwa anajionaje, ikiwa kila anayeingia anamuuliza dada yake tu kama amekula. Nimefika mahali pa kuamini kwamba sukari ya Salma inafuata amani ya nyumba karibu sawa na inavyofuata chakula. Wiki tukinuniana, inapanda. Ipo sababu ya kimwili, maana mtu akiwa na hofu au hasira mwili hutoa homoni zinazosukuma sukari juu. Ila sababu kubwa nimeiona kwa macho: mtoto akiwaogopa watu wa kwao anaanza kuficha, na akishaficha hakuna anayejua tena dozi gani imeingia na ipi imerukwa.

Alihamia kwetu akiwa na miaka minane. Baba yake na mama yake walikuwa wameachana, mama akaolewa Dodoma, wakakubaliana asome huku. Mwanangu Idi alikuwa bado ananyonya. Mwaka uliofuata Salma akaanza kukojoa kitandani. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kutusalimia kutoka Kilosa, akaniita uani, akaniambia kwa upole mkali: "Mama Idi, mtoto mkubwa akianza kukojoa kitandani, ujue ana jambo moyoni." Jambo lenyewe hakulitaja, lakini alikuwa ananitazama mimi.

Akawa anakunywa maji kama mtu aliyetoka shamba mchana wa jua. Usiku namsikia na kata mtungini. Sketi ya shule ikamlegea hadi nikaibana kwa pini. Tukampeleka zahanati moja, wakapima malaria, wakasema wadudu hawaonekani lakini anywe dawa tu. Siku ya tatu akatapika kutwa, akawa anahema kwa nguvu kama aliyekimbizwa, na mdomo wake ukatoa harufu ya tunda lililoiva kupita kiasi. Hospitali tuliyomkimbiza, muuguzi wa zamu alimwinamia, akanusa, na kabla hata sijamaliza kueleza akamtoboa kidole. Mashine haikuandika namba. Iliandika HI, yaani sukari imepita kiwango inachoweza kusoma, na nyingi za mashine hizo zinasoma hadi 33.

Kwa mzazi yeyote anayesoma hapa, nieleze kidogo. Kwa ugonjwa huu, kinga ya mwili yenyewe imeshambulia zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Bila insulini sukari inajaa kwenye damu na haiingii inakotakiwa. Mwili ukakosa chakula huku umejaa chakula, ukageukia kuunguza mafuta, na mafuta yakiunguzwa namna hiyo yanaacha tindikali ziitwazo ketoni. Ndizo zinazotoa ile harufu, ndizo zinazomfanya mtoto aheme kwa nguvu na kutapika, na ndizo zinazoua. Kwa haraka haraka inafanana na malaria, na nimonia, na tumbo lililochafuka. Mtoto akinywa maji mno, akikojoa mno na kukonda, omba apimwe sukari. Ni tone moja la damu na majibu ni papo hapo.

Daktari alitueleza kwamba haikuletwa na soda, haikuletwa na pipi, na haikuletwa na mama wa kambo. Hilo la mwisho hakulisema yeye, nimeliongeza mimi.

Aliyetuokoa kama familia, nikitazama nyuma, si daktari. Ni muuguzi wa kliniki ya watoto, mama mmoja mnene asiye na haraka, aliyesema haturuhusiwi kutoka mpaka aone watu wote watakaokaa na mtoto. Tukakaa chumba kimoja: mume wangu, mimi, bibi wa Kilosa, na mama mzazi wa Salma aliyekuwa amefika na basi la usiku. Mimi na yeye hatukuwahi kukaa meza moja. Swali lake la kwanza akalielekeza kwa mume wangu lakini likanipata mimi: "Huko kwenu mlikuwa mnamlisha nini?" Mume wangu naye akajibu kwamba upande wa mama ndiko kwenye wagonjwa wa sukari, kuna mjomba alikatwa mguu.

Yule muuguzi akawaacha wamalize. Kisha akatoa machungwa kwenye mfuko wa plastiki, akatugawia kila mmoja na bomba la sindano, akasema, "Haya. Mwenye kosa achome kwanza." Hakuna aliyechoma. Akacheka, akasema kama hayupo basi tujifunze wote. Tukachoma maji kwenye machungwa, tukajichoma na sisi wenyewe tumboni kwa sindano tupu ili tujue mtoto anasikia nini. Mume wangu ni fundi magari, mikono yake inafungua injini gizani, lakini siku ile ilitetemeka. Bibi alijichoma bila kukunja uso, akasema ameumwa na siafu zaidi ya hapo.

Nasema alituokoa kwa sababu tangu siku hiyo hakuna mtu wa familia ambaye angeweza kusema hakufundishwa. Kwenye nyumba nyingi nilizokuja kuzijua baadaye kliniki, mafunzo anapewa mama peke yake. Baba anabaki mlipaji na hakimu. Bibi anabaki na dawa zake. Na mama ndiye anayelaumiwa kwa kila namba.

Si kwamba bibi hakuwa na dawa zake. Wiki chache baada ya kurudi nyumbani, dozi ya Salma ilianza kushuka yenyewe. Kliniki wakapunguza, wakapunguza tena. Wakati huohuo bibi alikuwa ameleta unga wa mlonge kutoka Kilosa, anaunyunyiza kwenye uji. Ukoo mzima ukaamini mlonge umejibu, na mume wangu akaniuliza kwa nini tunaendelea kumtesa mtoto na sindano. Muuguzi alikuwa ametuonya mapema: baada ya kuanza insulini, kongosho lililobaki na seli chache hupata nafuu, likafanya kazi kwa wiki au miezi, halafu linazima kabisa. Watoto wengi hupotea hapo, kwa sababu watu wanaacha insulini wakidhani mganga amefaulu. Nilimwambia mume wangu mlonge uendelee na sindano iendelee, aliyechoka atachoka. Miezi michache mbele dozi ikapanda ikapita ya mwanzo, na mlonge ukarudi kuwa mboga.

Kazi yenyewe ya kila siku inazoeleka. Insulini aliyoanza nayo ni ile ya mchanganyiko, yenye mawingu. Unaviringisha kichupa taratibu kati ya viganja mpaka weupe uenee sawasawa, wala hukitikisi, maana ukikitikisa unajaza mapovu na kipimo kinadanganya. Nusu saa kabla ya kula, asubuhi na jioni. Friji letu lilikuwa linategemea umeme, na umeme una mambo yake, kwa hiyo tukaweka chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa, ndani yake chungu kidogo chenye vichupa, juu kitambaa kibichi. Morogoro kuna joto lakini chungu kikikaa kivulini penye upepo kinapooza vya kutosha kwa kichupa ambacho tayari kinatumika.

Jambo ambalo sikufundishwa, nimeligundua kwa kukaa naye, ni kumwachia uchaguzi. Salma hakuwa na la kuamua kuhusu kuchomwa, lakini pa kuchomwa palikuwa pake. Paja, tumbo, mkono, aliamua yeye. Akipenda upande mmoja mno tunaubishania, kwa sababu ukichoma sehemu ileile nyama inavimba na insulini hainyonywi vizuri. Alijichorea mtu kwenye karatasi, akaibandika mlangoni, kila jioni anaweka alama. Bishano hilo la paja na tumbo ndiyo mazungumzo yetu ya kwanza ya kweli, mimi na yeye. Kabla ya hapo tulikuwa tunaamkiana tu.

Majirani waliendelea. Mmoja, mama mtu mzima anayekaanga maandazi, alikuwa anamvutia pembeni na kumpa mawili kila akitoka shule. Alikuwa anamhurumia yatima wa mama aliye hai, alivyokuwa anasema. Namba za jioni zikawa hazieleweki. Nilipojua, mume wangu alitaka kwenda kumfokea. Mimi nilimkaribisha jioni moja akae wakati wa kupima. Akaona namba, nikamweleza andazi moja linafanya nini, nikamweleza pia sukari ikishuka inakuwaje na kwamba hapo ndipo sukari inapokuwa dawa. Akatoka kimya. Mwaka haujaisha, niko sokoni, Salma akaregea njiani akitoka shule, akawa anaongea ovyo. Watu wakasema mapepo. Yule mama akasukuma watu, akamnywesha chai yake ya biashara, ile yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Nilipofika mtoto amekaa kwenye benchi anaulizia begi lake.

Idi alipofika miaka minne au mitano alianza kuumwa. Leo tumbo, kesho kichwa, na kila akiumwa anataka apimwe sukari. Tukampima mara ya kwanza, 5.1. Akauliza ni nzuri au mbaya. Nikasema nzuri. Akalia. Alitaka mbaya. Ndugu wa mtoto mgonjwa anasahaulika kwa namna ambayo huwezi kuilaumu, kwa sababu huyu ana afya, amshukuru Mungu, anasubiri. Hana la kusema. Tukampa cheo: yeye ndiye mtunza sukari wa nyumba. Kikopo chenye sukari na kijiko kinakaa kwenye kijirafu cha urefu wake, na akiambiwa "Idi, kikopo," analeta mbio. Ijumaa baada ya swala baba yake anatoka naye peke yao, hata kama ni kwenda gereji tu kuchafuka oili. Maumivu ya kichwa yakaisha.

Cheo chake kilipata kazi kweli. Usiku mmoja umeme umekatika, nikasikia shuka za Salma zinakwaruzana. Nilipomgusa alikuwa amelowa jasho la baridi, kanga yake kama imetoka kwenye beseni. Baba yake akamwinua, naye akamtukana. Salma, ambaye mbele ya baba yake hasemi hata "aa". Alisema hataki sukari yetu, hatutaki sisi, twende zetu. Idi ameshika tochi ya simu, mwanga unacheza ukutani. Tone la damu likatoka kwa shida, vidole vilikuwa baridi. 2.8. Chini ya 4 ni hatari, chini ya 3 akili inaanza kuhama. Vijiko vitatu vya sukari kwenye nusu kikombe cha maji, nikamshika kidevu, akanywa huku ananilaani. Halafu unasubiri dakika kumi na tano. Hurundiki chakula kwa hofu, unasubiri. Idi alikuwa anaangalia saa ya simu, anatangaza kila dakika kama mtangazaji wa mpira. Tulipopima tena ilikuwa 4.6. Akala mkate, akalala.

Asubuhi hakutaka kutoka chumbani kwa aibu ya matusi. Baba yake akaenda akakaa kitandani, akatoa hukumu ambayo imekuwa sheria ya nyumba: maneno ya sukari ya chini hayahesabiwi. Ubongo umekosa chakula, mtu hajitawali. Salma alikuja kuitumia vibaya sheria hiyo, si mara moja. Siku moja alimjibu baba yake ovyo kuhusu kuosha vyombo, akadai sukari imeshuka. Baba akaleta mashine. 8.3. Aliosha vyombo wiki nzima.

Mwaka uliokuwa mgumu kuliko yote ni ule aliofika miaka kumi na mitatu. Umri wa kubalehe homoni zinapingana na insulini, dozi iliyotosha jana leo haifui dafu, na hilo peke yake lingetosha kutuvuruga. Lakini nyumbani kulikuwa na swali. Kila akipima, kabla hajaandika, baba yake anauliza: "Umekula nini tena?" Neno "tena" lile. Mama yake akipiga simu kutoka Dodoma, baada ya salamu: "Sukari ngapi? Umekula nini?" Bibi: "Ulikula nini?" Wote wanampenda. Mtoto akawa kama dereva anayesimamishwa na trafiki kila kituo.

Ghafla daftari lake la namba likawa zuri. 6.2, 7.1, 6.8, 5.9. Baba yake alifurahi, akasema ameshakuwa mkubwa, ajichome na kujipima mwenyewe, tuache kumfuatafuata. Mimi sikuwa na amani, kwa sababu nilikuwa namsikia tena usiku na kata mtungini.

Kliniki, yule muuguzi alilitazama daftari, akachukua mashine, akabonyeza kumbukumbu zake. Ukurasa mzima wa daftari ulikuwa na vipimo vinne tu vya kweli. Kipimo cha miezi mitatu, kile kinachoonyesha wastani wa sukari, kilitoka asilimia 12.4, wakati watoto wanalengwa wawe karibu na 7. Mume wangu alianza kupanda. Muuguzi akamnyooshea kiganja, akamuuliza Salma: "Ukiandika 18, nyumbani kunatokea nini?"

Salma hakujibu kwa muda. Kisha akasema, "Kunakuwa na kesi."

Tulirudi na masharti. Namba ikitoka haiulizwi imetoka wapi, inaulizwa ifanyiwe nini. Ni 17, haya, tunafanya nini? Maji, dozi ya kushushia kama kliniki walivyoelekeza, kupima tena, na kama inakataa kushuka kuangalia ketoni. Habari za chakula zinazungumzwa baadaye, wakati wa utulivu, na Salma ndiye anaanza. Sharti la pili lilikuwa gumu zaidi kwa mume wangu: mtoto anaweza kujichoma vizuri kabisa tangu ana miaka kumi, lakini mkono kujua kazi na kichwa kuibeba kila siku ni vitu viwili. Mtu mzima anabaki pembeni, anaona sindano ikiingia, anashirikiana kufikiria dozi, miaka yote ya ujana. Wanaoachiwa mapema kwa jina la ukubwa ndio wanaorudi wodini. Baba akapewa zamu ya jioni, mimi asubuhi. Mama wa Dodoma tukamwomba asiulize sukari kabisa kwenye simu. Alikasirika, akasema mimi ndiye ninayemkata na mwanae. Muuguzi akampigia yeye mwenyewe. Sijui walizungumza nini, ila simu iliyofuata aliuliza habari za shule na nywele.

Daftari likarudi kuwa baya. Likajaa 15 na 19, na mimi nikalala usingizi. Kipimo cha miezi mitatu kilichofuata kilikuwa 10.1, kilichofuata tena 8.9. Bado si 7. Sijui kama tutafika, na nimeacha kumtazama mtoto kwa jicho hilo.

Shuleni kulikuwa na lake. Wasichana walimwona chooni na bomba la sindano, wakamwita teja. Kwa jina hilo akaacha kubeba chochote shuleni, hata glukosi. Mwalimu mmoja alimnyang'anya biskuti darasani siku aliyokuwa anatetemeka. Baba yake alikuwa anataka ahamie bweni apate nidhamu, na mimi katika hilo nilisimama mlangoni, nikasema mpaka wapatikane watu bwenini watakaokubali kukaa na machungwa na sindano kama tulivyokaa sisi, haendi. Tulipeleka barua ya kliniki, tukazungumza na matroni, akampa kona ya ofisi yake. Salma akachagua marafiki wawili, akawafundisha yeye mwenyewe kutumia mashine. Mmoja wao siku hizi anasema atasomea uuguzi.

Na Ramadhani. Wenzake wote walikuwa wameanza kufunga, yeye anatumwa jikoni kula kama mtoto. Alifunga kwa siri, akaanguka adhuhuri. Aya za 184 na 185 za Suratul Baqara anazijua, shekhe wa msikiti wetu alikuja akamsomea tena na kumwambia mgonjwa ana ruhusa ya Mwenyezi Mungu, na watoto wenye ugonjwa wake madaktari wanawazuia. Alisikia, lakini haikuondoa aibu ya kula peke yake. Aliyeiondoa ni bibi. Alikuja na begi lake kutoka Kilosa, akatangaza kwamba presha yake na dawa zake zimemzidi, mwaka huu hafungi, na hawezi kula mchana peke yake kama mwizi, anataka mwenzake. Mwezi mzima walikula wawili jikoni, mlango umerudishwa, wanasengenya ukoo. Jioni wote tunakaa futari mkeka mmoja, na uji wa Salma hauna sukari, na wa bibi pia hauna. Mimi na mama mkwe wangu tuna yetu ambayo hayajaisha, lakini kwa Ramadhani ile namdai heshima mtu yeyote atakayemsema mbele yangu.

Insulini tunapewa bure kliniki. Chama cha Kisukari Tanzania na mipango ya kimataifa ndiyo iliyowezesha kliniki za watoto kuwa nayo. Stripu za kupimia ndizo zinazotutoa jasho, zile za msaada hazifiki mwisho wa mwezi na za dukani ni ghali. Nayataja kwa sababu ugomvi mwingi wa nyumba zenye kisukari ni ugomvi wa pesa uliovaa nguo nyingine. Baba akifoka "umekula nini tena," wakati mwingine anachosema ni kwamba stripu zimebaki sita na gari la mteja halijalipiwa. Tulipoanza kuhesabu stripu kwa sauti, wote, Salma akiwemo, ukali ulipungua.

Siku ya Kisukari Duniani, Novemba 14, ambayo ni siku aliyozaliwa Frederick Banting, mmoja wa waliogundua insulini, kliniki huwakusanya watoto na ndugu zao. Mwaka ambao Salma alitimiza miaka kumi na minne, daktari aliwasimulia habari za Leonard Thompson, mvulana wa Toronto, Kanada, aliyekuwa wa kwanza kuchomwa insulini, Januari 1922. Naye alikuwa na miaka kumi na minne, amekonda mifupa mitupu, kwa sababu kabla ya hapo tiba ilikuwa kumnyima mtoto chakula ili afe polepole badala ya haraka. Dawa ya mara ya kwanza haikuwa safi, ikamletea uvimbe. Siku kumi na mbili baadaye wakarudia na iliyosafishwa, sukari ikashuka. Watoto wengine waliuliza alipona au la. Aliishi miaka mingine kumi na tatu. Salma akanyoosha mkono, akauliza, "Nyumbani alikuwa anachomwa na nani?" Daktari alikiri hajui.

Sasa ana miaka kumi na mitano na bado ananiita Mama Idi. Watu wanadhani inaniuma. Mama anaye, na jina la Mama Idi ndilo aliloniita usiku ule wa 2.8 kabla hajaanza matusi.

Likizo iliyopita aliomba kwenda Dodoma kwa mama yake, peke yake, kwa treni ya umeme. Baba alikataa siku mbili. Tulikaa tukaandika safari nzima: insulini inakaa kwenye pochi mwilini, haiingii kwenye begi kubwa, glukosi mfukoni, mabomba na stripu mara mbili ya zinazohitajika, karatasi ya kliniki. Nikampigia mama yake nikamweleza dozi za siku hizi, naye akaniambia ameshanunua mashine ya pili ikae kwake. Nilipomuuliza tangu lini, akasema tangu yule muuguzi alipompigia.

Usiku wa kwanza simu yangu ikaita saa nne. "Mama Idi, ana 4.2 na ndiyo anataka kulala. Nimwache?" Nikamwambia asimwache hivyo, ampe glasi ya maziwa na mkate, apime saa nane. Akauliza mkate mweupe au wa ngano nzima. Nikasema wowote uliopo. Akauliza kama saa nane ataamka mwenyewe au amwamshe. Nikasema amtoboe akiwa amelala, ameshazoea, hatashtuka. Akanyamaza, kisha akasema basi tukae wote kwenye simu mpaka hiyo saa nane, maana yeye peke yake anaogopa. Tuliongea hadi vocha yake ikaisha, nikampigia mimi.